Benki inadai ada ya wakili wake ndani ya bankrapsi yako: ikague hivi, hatua kwa hatua

Wengi wetu huku Marekani tukishafungua bankrapsi (kesi ya mufilisi) tunadhani mambo ya mkopo wa nyumba yametulia, zuio la korti la kuwasimamisha wanaotudai lipo, trasti, yaani msimamizi wa kesi, anakata hela kila mwezi, basi. Halafu inaingia barua ina mstari mmoja umeandikwa ada ya wakili, $1,150, na huyo wakili si wako, ni wa benki. Swali linalokuja hapo kila mtu analijua, yaani mimi ndo nimefilisika halafu nimlipe na wakili wa anayenidai?

Inawezekana ndiyo ukamlipa. Ila si kila mara, na si kiasi chochote wanachojisikia kuandika. Sheria imeweka masharti, shida ni kwamba hakuna anayeyaangalia usipoyaangalia wewe au wakili wako, maana kifungu cha 502(a) cha sheria ya mufilisi kinasema dai likishaandikishwa linahesabika limekubaliwa mpaka mtu alete pingamizi. Hakuna pingamizi, limepita, hata kama lina makosa wazi wazi.

Haya yote ni sheria ya Marekani tu, wa Nairobi na Dar mna sheria zenu za mufilisi na hii haiwahusu. Na hii si mbadala wa wakili, ni ya kukusaidia umuulize wakili wako maswali ya maana badala ya kukaa unaitikia tu.

Hatua ya 1: tafuta makaratasi yote, usitegemee barua moja

Unahitaji vitu vinne. Dai la benki lenyewe, hiyo ni Fomu 410. Kama ni nyumba unayoishi na uko Chapta 13 (bankrapsi ya kulipa madeni kidogo kidogo kwa mpango), inatakiwa iambatane na Fomu 410A, ndani yake kuna historia ya malipo na sehemu ya malimbikizo inayoonyesha ada za kabla hujafungua kesi. Cha tatu ni Fomu 410S2, hii ndo notisi ya ada mpya zilizozaliwa baada ya kufungua kesi. Cha nne ni mkataba wako, noti ya mkopo pamoja na hati ya rehani, zote mbili, maana mara nyingine kipengele cha ada kiko kwenye moja tu.

Kama wakili wako hajibu simu (na tunajua wapo wa hivyo), ingia PACER mwenyewe, mtandao wa kusomea faili za korti za shirikisho, ni senti 10 kwa ukurasa, dokyumenti moja haizidi $3, na kama matumizi yako ya robo mwaka hayajapita $30 hawakutozi kitu. Fungua rejista ya madai, tafuta namba ya dai la benki, shusha kila kilichobandikwa chini yake.

Hatua ya 2: mkataba unasema nini hasa

Mwaka 1989 Korti Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Ron Pair ilisoma kifungu cha 506(b) cha sheria ya mufilisi ikasema mkopeshaji ambaye dhamana yake inazidi deni anapata riba hata kama hakuna mkataba, ila ada na gharama lazima mkataba uwe umesema. Mwaka 2005 Bunge likaongeza maneno, ikawa mkataba au sheria ya jimbo iliyozaa hilo deni, ndo maana siku hizi vyama vya wenye nyumba navyo vinapata mlango wa kuingilia pale sheria ya jimbo inapowapa ada.

Kwa hiyo chukua kalamu usome. Kama mkopo wako wa nyumba uko kwenye ile hati ya kawaida ya Fannie Mae na Freddie Mac (makampuni makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki), nenda moja kwa moja Sekshen 9. Pale inasema mkopeshaji anaweza kulipa mawakili kulinda maslahi yake kwenye nyumba, na imetaja kabisa kulinda nafasi yake kwenye kesi ya mufilisi, na hela hiyo inakuwa deni la nyongeza linalolindwa na nyumba hiyo hiyo. Mwenye hati hiyo asipoteze muda kubishana kwamba mkataba hausemi. Unasema.

Lakini mikataba ya magari, fanicha, vifaa vya biashara, hii ni mchanganyiko. Mwingine unasema ada za wakili za kukusanya deni, mwingine unasema ada za kuchukua gari na kuliuza tu, mwingine kimya kabisa. Soma neno kwa neno, uone kama kazi wanayoilipisha ndo kazi iliyotajwa. Ukikuta mkataba hauzungumzii ada na hakuna sheria ya jimbo inayowapa, dai la ada chini ya 506(b) limekufa hapo.

Zamani korti za magharibi, yaani mzunguko wa 9, zilikuwa na kanuni kwamba ada za kubishania mambo ya sheria ya mufilisi yenyewe hazilipwi hata mkataba ukisema. Hiyo iliondolewa na Korti Kuu mwaka 2007, kesi ya Travelers na PG&E. Ukikutana na ushauri wa zamani unaosema hivyo achana nao.

Hatua ya 3: dhamana inazidi deni au la

Hapa ndo 506(b) ina meno. Mkopeshaji anaongezewa riba na ada za baada ya kufungua kesi kama tu thamani ya dhamana ni kubwa kuliko deni lake. Na anaongezewa mpaka pale ziada inapoishia, zaidi ya hapo hakuna.

Piga hesabu hivi. Nyumba ina thamani $310,000. Kodi ya serikali ya kumiliki nyumba unadaiwa $4,000 na mara nyingi hiyo inatangulia mbele ya benki. Mkopo wa kwanza $255,000. Toa, inabaki ziada $51,000, maana yake benki ya kwanza iko vizuri, ada zake zinaweza kuingia. Sasa kuna mkopo wa pili, ule uliochukua kwa kutumia thamani ya nyumba, $60,000. Huyu wa pili anaangalia hiyo $51,000 iliyobaki na deni lake ni $60,000, amepungukiwa $9,000, hana ziada, kwa hiyo 506(b) haimpi riba wala ada. Korti Kuu ilishasema mwaka 1988 kwenye kesi ya Timbers kwamba asiye na ziada hapati riba ya kusubiri. Angalia pia kwamba mkopo wa pili haumharibii wa kwanza, unahesabu waliotangulia mbele yake tu, walioko nyuma hawahusiki.

Na kama ziada ni ndogo, tuseme $3,000, halafu riba ya miezi imeshakula $2,400, basi iliyobaki kwa ajili ya ada ni $600 hata kama wakili kaleta bili ya $4,000.

Thamani ya kitu chenyewe inapimwaje? Kwa mtu binafsi kwenye Chapta 7 (ile ya kufutiwa deni bila mpango wa malipo) na 13, mali inayohamishika inapimwa kwa bei ya kununua nyingine ya umri na hali hiyo hiyo. Asili yake ni kesi ya Rash ya 1997, na wenzangu wa maloli hii inawahusu, maana ilikuwa kuhusu loli la Kenworth. Mkopeshaji alitaka thamani ihesabiwe kwa bei ya kununua jingine kama hilo, mwenye loli alitaka bei ya kuliuza baada ya kunyang'anywa ambayo ni ya chini, na mkopeshaji akashinda. Usije na bei ya mnada ukidhani itapita.

Na jambo moja la hatari. Ile thamani uliyoandika kwenye fomu zako za mwanzo uliandika kwa kiapo. Kama uliandika nyumba ni $310,000 huwezi kuja sasa kusema ni $250,000 eti kwa sababu unataka benki ikose ada, bila kuwa na makadirio ya mtaalamu yanayoeleza kwa nini.

Hatua ya 4: kama unalipa malimbikizo ya nyumba, simama kidogo hapa

Hapa ndo watu wengi wanapotea, hata wanaojua 506(b) vizuri. Ukiwa Chapta 13 na mpango wako unalipa malimbikizo ya mogeji, yaani mkopo wa nyumba, ili uokoe nyumba, kiasi cha kulipa hakiamuliwi na 506(b). Kinaamuliwa na kifungu cha 1322(e), kilichoingizwa na mabadiliko ya 1994, na chenyewe kinasema angalia mkataba na sheria ya nje ya mufilisi, yaani sheria ya jimbo. Ziada ya thamani haiangaliwi. Nyumba inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko deni na benki bado ikapata ada kwenye malimbikizo, kwa sababu wewe ndiye unayetaka kurudi kwenye mstari.

Kwa hiyo ukienda kortini na hoja ya nyumba yangu haina ziada kwenye malimbikizo ya mogeji utarudi mikono mitupu, na ulikuwa na hoja nzuri mfukoni hukuitoa: kwamba mkataba hauruhusu ada ya aina hii, kwamba sheria ya jimbo imeweka kikomo, kwamba kiasi si cha haki. Hizo ndo zinafanya kazi hapa.

Sheria za majimbo zinatofautiana kweli kweli. Georgia, mkataba ukisema tu ada za haki za wakili bila kutaja asilimia, sheria yao inatafsiri kuwa 15% ya $500 za kwanza na 10% ya inayobaki, na lazima kwanza wakutumie notisi ya siku 10 ya kulipa bila ada. Hebu piga kwenye deni la $200,000: $75 jumlisha $19,950, ni $20,025, kwa barua chache! Ndo maana ndugu zetu wa Clarkston na Atlanta wanapaswa kuijua kesi ya Welzel ya 2001, korti ya rufaa ya mzunguko wa 11 ilisema hata kama sheria ya jimbo imeshawapa asilimia hiyo, kwenye mufilisi dhamana inabeba ile sehemu iliyo ya haki tu, inayozidi inakuwa dai lisilo na dhamana.

California kuna Sekshen 1717 ya Civil Code, kama mkataba unampa benki ada akishinda, basi na wewe ukishinda kesi ya mkataba huo unapata. Florida na Washington wana sheria zinazofanana na hiyo. Hii watu wengi hawaijui na ni silaha, wakili wa benki akijua kwamba unaijua anaanza kuongea vizuri.

Hatua ya 5: kiasi chenyewe ni cha haki?

Mkataba upo, ziada ipo, bado neno la sheria ni ada za haki. Na anayetakiwa kuthibitisha ni mkopeshaji. Omba bili yenye tarehe, nani kafanya, dakika ngapi, kazi gani. Jumla tu haitoshi.

Ukishaipata angalia vitu hivi. Kazi nyingi zimerundikwa kwenye mstari mmoja, saa 4.5, kapitia mpango, kapiga simu, kaandika pingamizi, huwezi kujua kipi kilikula muda. Kazi za karani, kuskani, kutuma barua, kuandikisha dokyumenti, zimetozwa kwa bei ya wakili. Mawakili wawili wamehudhuria kikao kimoja cha dakika kumi. Wameweka pingamizi la mpango wako halafu wakaliondoa wenyewe kwa sababu walisoma vibaya, hiyo kwa nini uilipe wewe? Ombi la kuondolewa zuio lililoletwa wakati ulikuwa umeshalipa, risiti unazo. Ada ya kujaza Fomu 410 imetozwa mara mbili, moja kwenye malimbikizo na nyingine kwenye 410S2, hii itafute kwa makini kwa sababu inajificha, zinakuwa fomu mbili tofauti zimepishana miezi.

Kama mkopo ni wa Fannie Mae, wana orodha ya ada za juu wanazoruhusu mawakili kwa kila aina ya kazi ya mufilisi, iko wazi mtandaoni, linganisha. Si lazima jaji aifuate, lakini benki ikikutoza zaidi ya ambacho mwenye mkopo mwenyewe anaruhusu watakuwa na kazi ya kuelezea.

Hatua ya 6: tarehe

Kwa nyumba unayoishi, Chapta 13, Kanuni ya 3002.1 inawataka walete notisi ya ada (hiyo 410S2) ndani ya siku 180 toka ada ilipozaliwa. Kwa hiyo weka tarehe mbili pembeni, tarehe ya kila kazi na tarehe notisi ilipoingia kortini, hesabu. Wakichelewa, korti inaweza kuwazuia wasitumie taarifa hizo kama ushahidi na pia kuwaamuru wakulipe gharama zako pamoja na za wakili wako.

Na wewe una mwaka mmoja toka ulipotumiwa notisi kuomba korti iamue kama ada hizo unadaiwa kweli, ila korti inaweza kuufupisha huo muda kwa hiyo usikae nayo kwenye droo. Kitu kizuri, notisi ya 410S2 haipati ile heshima ya kuaminika yenyewe ambayo Fomu 410 inapata, benki haiwezi kusema tumeshaandikisha basi ni kweli.

Kwa ada zilizo ndani ya dai lenyewe la mwanzo utaratibu ni pingamizi la dai, Kanuni ya 3007, mhusika apewe angalau siku 30 kabla ya kusikilizwa. Angalia na kanuni za korti yako ya wilaya, nyingine zina fomu zao kabisa na zinakataa ukileta barua ya kawaida.

Hatua ya 7: andika kwanza, kortini baadaye

Tuma barua kwa kampuni inayokusanya mogeji, anwani ile waliyoitaja kwa ajili ya malalamiko na maswali, si ile ya kutumia malipo. Sema unapinga ada tarehe fulani kiasi fulani, unaomba mchanganuo. Sheria ya shirikisho ya mikopo ya nyumba inawataka wakiri kupokea ndani ya siku 5 za kazi na wajibu kwa kawaida ndani ya siku 30 za kazi. Wakili wako naye amwandikie wakili wao. Wengine wanapunguza hapo hapo kwa sababu kwenda kusikilizwa kutawagharimu zaidi ya ada yenyewe.

Wasipopunguza, ombi lako kortini liwe fupi na la moja kwa moja: dai namba ngapi, ada ipi, tarehe ipi, sababu gani. Weka mstari kwa mstari, huu unapingwa kwa sababu mkataba hausemi, huu kwa sababu umepita siku 180, huu ni wa karani. Jaji ana kesi nyingi asubuhi hiyo, akiona jedwali safi anafanya kazi haraka, akiona kurasa sita za kulalamika kuhusu roho mbaya ya mabenki anatafuta hoja haioni.

Mtego mkubwa kuliko yote ni makubaliano. Umechelewa miezi miwili, benki inaomba zuio liondolewe, mnaelewana nje ya chumba, karatasi inaletwa usaini na kwenye aya ya nne kuna ada ya wakili na gharama za kuandikisha zimeingizwa kwenye malipo yako. Ukisaini imekuwa amri ya korti, hoja zote za juu umezitupa. Soma aya ya nne, muulize wakili wako kabla kalamu haijagusa.

Na wale wanaojaza fomu kwa $200 kule nyuma ya duka, wana kazi yao lakini sheria, kifungu cha 110, inawakataza kukupa ushauri wa kisheria. Hili la ada usilipeleke kwao.

Gari, loli, na Chapta 7

Gari la matumizi binafsi ulilonunua ndani ya siku 910 kabla ya kufungua Chapta 13 lina utaratibu wake, huwezi kupunguza deni lifike thamani ya gari, na hesabu ya 506 haiingii kwa njia ya kawaida, kwa hiyo hapo ongea na wakili kabla hujajenga hoja. Loli la kazi mara nyingi linashuka thamani haraka kuliko deni, $62,000 dhidi ya deni la $80,000 kwa mfano, hapo mkopeshaji hana ziada na 506(b) haimsaidii. Anaweza kujaribu kuingiza ada kama dai lisilo na dhamana, na hapo korti hazikubaliani, mzunguko wa 2 na wa 9 zilishasema inawezekana (zote 2009), sehemu nyingine wanakataa. Kama mpango wako unawalipa wasio na dhamana senti 5 kwa dola, ada ya $3,000 inakugharimu $150, sasa jiulize kama inafaa kugombana.

Chapta 7 ni fupi. Deni lako binafsi linafutwa lakini haki ya benki kwenye nyumba au gari inabaki, na ada wanaziongeza kwenye kiasi cha kumaliza mkopo. Wakikuletea mkataba wa kukiri upya deni la gari, angalia kama wamepachika ada kwenye jumla, na ukishasaini una siku 60 toka uandikishwe kortini, au mpaka amri ya kufutiwa deni itoke, ipi itakayochelewa, kubadili mawazo.

Kama wewe ndo unayedai

Wapo kati yetu waliouza gari au nyumba kwa mtu wakamkopesha wenyewe, mtu kafungua bankrapsi. Mambo ni yale yale upande wa pili: kama noti yako haina kipengele cha ada za wakili ada hupati chini ya 506(b), kama mali haizidi deni hupati, na kama wakili wako hatunzi muda wake kwa tarehe na dakika utapunguziwa. Kwenye Chapta 7, 12 (ya wakulima na wavuvi) na 13 dai linatakiwa ndani ya siku 70 toka mwenzako alipofungua kesi kwa hiari yake. Kwa noti mpya weka kipengele hicho kwa maneno yanayotaja na mufilisi.

Mwisho wa kesi

Chapta 13 inachukua miaka 3 mpaka 5 na ada nyingine zinatokea mwishoni kabisa, ulishasahau. Karibu na kufunga, trasti anawataka benki waseme kama malimbikizo yamelipwa yote na kama kuna kitu bado wanadai. Omba nakala ya jibu lao, lilinganishe na kila 410S2 uliyohifadhi. Ada iliyo kwenye jibu ambayo haikuwahi kuletewa notisi, mwambie wakili wako aipinge kabla kesi haijafungwa, na ukishapata amri ya jaji iweke pamoja na taarifa za mogeji za miezi inayofuata, maana kampuni zinazokusanya hubadilika, mkopo unauzwa, na mpya anaweza kuja na salio la zamani lenye ada zile zile zilizokataliwa.